SOMO LA MWEZI HUU: KUNUNUA JEKI MPYA YA GARI

Mara nyingi masomo yetu huwa juu ya mbegu, mbolea na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwezi huu tutajifunza habari ya chombo kidogo cha chuma ambacho wengi hukisahau mpaka siku ya shida. Chombo hicho ni jeki ya gari.

Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa ya nyanda za juu yalipoanza kugawanywa kwa wakulima wadogo, kazi ya kutoa mazao shambani imekuwa juu ya mkulima mwenyewe au chama chake cha ushirika. Leo wakulima wengi wa Kinangop, Ol Kalou na Lugari hutegemea pikapu au gari dogo kubebea maziwa, viazi na mahindi. Gari hilo mara nyingi limekwisha kupita mikononi mwa watu wawili au watatu. Tairi ya akiba ipo, spana ya magurudumu labda ipo, lakini jeki yake ya kwanza imepotea zamani, au imeliwa na kutu.

Fikiri sasa juu ya mkulima aliye njiani saa moja asubuhi na mikebe sita ya maziwa. Tairi inatoboka. Hana jeki. Anangoja gari lingine lipite, naye mwenye gari hilo anampa jeki yake. Jeki ile ni fupi, hainyanyui gurudumu likaacha ardhi. Kwa hiyo mkulima anaweka jiwe chini ya jeki. Jiwe linapasuka, gari linaanguka. Akiwa na bahati, hasara yake ni maziwa yaliyoganda. Akikosa bahati, mkono wake au mguu wake ulikuwa chini ya gari.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Basi yafaa kila mwenye gari awe na jeki yake mwenyewe, nayo iwe inafaa gari lake. Haitoshi kwenda dukani na kusema, "Nipe jeki." Kabla hujatoka nyumbani, yakupasa kujua mambo matatu: uzito wa gari lako, kimo cha chini, na kimo cha juu. Tutayaeleza moja moja.

1. UZITO

Kila jeki nzuri imeandikwa nguvu zake kwa tani, ama kwenye kibandiko au kwa kupigwa muhuri katika chuma chenyewe. Tani 1 ni kilo 1,000. Jeki isiyo na maandishi hayo usiinunue, hata ikiwa bei yake ni nafuu.

Ukiinua gurudumu moja, jeki haibebi gari zima, kwa maana magurudumu mengine matatu bado yako chini. Lakini mzigo wa pikapu hukaa zaidi juu ya magurudumu ya nyuma, na gari likiwa limeinama upande mmoja jeki hulemewa zaidi. Kwa hiyo fuata kanuni hii rahisi: nguvu za jeki zisipungue nusu ya uzito wa gari pamoja na mzigo wake.

Tufanye hesabu. Pikapu tupu ina kilo 1,500. Umepakia magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 90, yaani kilo 900. Jumla ni kilo 2,400. Nusu yake ni kilo 1,200. Jeki ya tani 1 haitoshi. Nunua jeki ya tani 2, ambayo itakuwa na nguvu za ziada.

Uzito wa gari tupu utaupata katika kitabu cha gari, au umwulize fundi anayelijua gari la namna hiyo. Tena, hata ukiwa na jeki yenye nguvu, ni vema kushusha mzigo kabla ya kuinua gari. Kushusha magunia kumi ni kazi, lakini ni kazi ndogo kuliko kulinasua gari lililoanguka. Jeki ya gari dogo isitumiwe kamwe kuinua trekta au trela lake.

2. KIMO CHA CHINI

Hapa ndipo wengi hukosea. Hupima jeki kwa gari lililosimama juu ya tairi nzima, wakaona inaingia vizuri. Lakini jeki hutakiwa siku ambayo tairi imeisha upepo, na siku hiyo gari limeshuka.

Linashuka kiasi gani? Tazama namba zilizo ubavuni mwa tairi. Tuseme zimeandikwa 195/65 R 15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, milimita 195. Ya pili inasema kwamba kimo cha ubavu wa tairi ni sehemu 65 katika 100 za upana huo, yaani karibu milimita 127, au sentimita 12 na zaidi kidogo. Namba ya mwisho ni kipenyo cha rimu kutoka ukingo hadi ukingo, nacho hupimwa kwa inchi. Upepo ukiisha, rimu hulalia mpira, na sehemu kubwa ya zile sentimita 12 hupotea. Ekseli nayo hushuka pamoja na rimu.

Njia ya hakika ni kupima. Siku ambayo huna haraka, simamisha gari nyumbani mahali pa tambarare, pawe na pampu karibu. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, kisha toa upepo wote katika tairi moja ya nyuma. Bila kuingia chini ya gari, ingiza rula au kijiti mpaka mahali pa kuwekea jeki, ukapime toka ardhini. Kipimo hicho kiandike. Ndicho kimo cha chini. Jeki ikiwa imeshushwa kabisa haina budi kuwa fupi kuliko hapo.

Usisahau ubao. Katika udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, jeki huzama isipowekewa ubao. Ubao ukiwa na unene wa sentimita 4, nao hula nafasi hiyo. Ikiwa kipimo chako ni sentimita 19, zimebaki 15 tu. Jeki ya sentimita 18 iliyoingia vizuri juu ya lami haitaingia katika matope.

3. KIMO CHA JUU

Tairi nzima ni ndefu kuliko ile iliyoisha upepo. Kwa hiyo haitoshi kuinua gari mpaka tairi bovu liache ardhi. Lazima kuongeza nafasi ya tairi nzima kuingia. Wengi wamekwisha kutoa tairi bovu wakaona ile nyingine haiingii, na jeki imefika mwisho wake.

Ikiwa jeki huwekwa chini ya ekseli, kama katika pikapu nyingi upande wa nyuma, pima toka ardhini hadi ekseli wakati tairi zote zina upepo, kisha ongeza sentimita 5. Ukipata sentimita 28, jeki yako iweze kufika 33 au zaidi.

Ikiwa jeki huwekwa chini ya bodi, kama katika magari mengi madogo, hesabu hiyo haitoshi. Unapoinua bodi, springi hunyoka kwanza, na gurudumu hubaki chini mpaka springi imalize kunyoka. Hapo ndipo gurudumu huanza kupanda. Kwa gari la namna hii, mwombe fundi aliinue kwa jeki yake mpaka tairi nzima iache ardhi, nawe upime kimo cha mahali pale pa jeki. Usikisie.

NAMNA ZA JEKI

Sasa una vipimo vitatu katika karatasi. Zipo namna tatu za jeki utakazoziona dukani.

Jeki ya mkasi. Hii hukunjuka kama mkasi unapozungusha skrubu yake ndefu. Hulala chini sana, hupanda juu vya kutosha, na ni nyepesi. Ndiyo inayokuja na magari mengi madogo. Haina oili, basi haiwezi kuvuja. Ubaya wake ni kwamba kitako chake ni chembamba, nayo hupinduka upesi gari likisogea.

Jeki ya chupa. Huitwa hivyo kwa sababu ya umbo lake. Ndani yake mna oili na pistoni mbili, moja ndogo na moja kubwa. Kazi yake yatokana na kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukisukuma maji au oili iliyofungiwa mahali pamoja, msukumo huo huenea kila upande kwa nguvu ile ile. Kama pistoni kubwa ina eneo mara kumi ya ile ndogo, kilo 10 unazosukuma huinua kilo 100. Mkono mrefu wa jeki huongeza nguvu hizo tena. Jeki hii yafaa pikapu na lori, lakini nyingi huwa ndefu hata zikiwa zimeshushwa, kwa hiyo angalia kimo cha chini. Nyingine zina skrubu kichwani ya kuongezea urefu, na hiyo ni faida.

Jeki ya magurudumu. Hii husukumwa sakafuni na hukaa imara, lakini ni nzito nayo hutaka sakafu ngumu. Ni chombo cha gereji, si cha kuchukuliwa njiani.

Tazama pia kichwa cha jeki. Magari mengi madogo yana ukingo mwembamba wa bati chini ya mlango, na jeki yake ya asili ina mfuo ambao ukingo huo huingia ndani yake. Ukiweka jeki ya chupa hapo, ukingo hupindika na jeki huteleza. Kwa gari kama hilo ni bora kutafuta jeki ya asili iliyotumika, kutoka gari la namna ile ile, kuliko jeki mpya isiyolingana. Wauzaji wa vipuri vilivyotumika huwa nazo, katika miji yetu midogo na pia Kirinyaga Road huko Nairobi.

UKIWA DUKANI

Usilipe kabla ya kufanya haya:

(a) Soma nguvu zilizoandikwa. Pima kwa rula yako kimo cha jeki ikiwa imeshushwa na ikiwa imepandishwa.

(b) Kama ni jeki ya skrubu, izungushe toka mwanzo hadi mwisho. Skrubu iwe imenyoka, meno yake yasiwe yamelika, na misumari ya viungo isiwe inacheza.

(c) Kama ni jeki ya chupa, ifute kwa kitambaa kikavu kisha uinue gari nayo. Weka alama ya kimo, ungoje dakika kumi. Ikishuka, au ikitoka oili, irudishe.

(d) Hakikisha mkono wake upo. Jeki bila mkono ni chuma cha kuzuia mlango.

(e) Omba risiti, uihifadhi.

KUTUMIA JEKI BILA HATARI

Jeki ni ya kuinulia gari. Si ya kulishikilia ukafanya kazi chini yake. Ndugu mkulima, ukisahau mengine yote ya somo hili, usisahau hili. Usiingize kichwa, kifua wala mguu chini ya gari lililo juu ya jeki, hata kwa dakika moja, hata kuokota nati iliyoanguka. Ivute kwa kijiti. Ikiwa lazima kufanya kazi chini ya gari, fundi aliweke juu ya stendi za chuma.

Fuata utaratibu huu:

Kwanza, peleka gari mahali pa tambarare na pagumu, hata kama tairi bovu litazidi kuharibika. Bei ya tairi yajulikana. Bei ya mtu haijulikani. Watu wote washuke. Weka alama zako mbili za pembetatu zinazong'aa, moja mbele na moja nyuma, mbali vya kutosha ili madereva wazione mapema.

Pili, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, kisha weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lililo pembe ya pili. Ukiinua la nyuma kushoto, zuia la mbele kulia. Mawe haya si ya hiari. Katika pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiinua gurudumu moja la nyuma, gia haizuii gari tena, maana difu huruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lililo chini kuzunguka upande mwingine. Wenye Land Rover za zamani waangalie zaidi, kwa sababu breki ya mkono ya magari hayo hushika shafti inayokwenda nyuma, haishiki magurudumu yenyewe. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, Land Rover hiyo yaweza kuondoka huku breki ya mkono imevutwa.

Tatu, legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Ukizilegeza likiwa juu, utalitikisa lianguke.

Nne, weka ubao chini ya jeki. Hesabu yake ni hii: kitako cha jeki chenye sentimita 10 kwa 10 kina eneo la sentimita 100 za mraba. Kikibeba kilo 800, kila sentimita moja ya ardhi hubeba kilo 8. Weka ubao mgumu wa sentimita 30 kwa 30, eneo huwa 900, na kila sentimita hubeba pungufu ya kilo 1. Ndiyo sababu jeki haizami. Usitumie jiwe, tofali wala bloku ya simenti, kwa maana hupasuka bila kutoa onyo. Kama nafasi ni ndogo, sukuma gari polepole gurudumu bovu lipande juu ya ubao wa pili, nawe utarudishiwa zile sentimita ulizopoteza, kisha ulizuie upya kwa mawe.

Tano, inua kidogo kidogo ukiitazama jeki. Ikianza kuinama, shusha uanze tena. Tairi ya akiba ilaze chini ya bodi karibu na jeki. Gari likianguka, litaangukia tairi. Ukikwisha kutoa tairi bovu, liweke hapo na kuchukua ile nzima.

Sita, kaza nati kwa kuvukana, si kwa kufuatana. Shusha gari, kaza tena kwa nguvu, na ukifika uendako zijaribu mara nyingine.

KUTUNZA JEKI

Jeki ya skrubu ipake grisi kila baada ya miezi mitatu, na kila ikilowa matope. Jeki ya chupa isimamishwe wima na kufungwa kamba isianguke. Ikilala, hewa huingia katika oili yake na siku ya kazi haitapanda. Ikiwa na hewa, fungua kifungulio cha kushushia, upampu mara kadhaa, ukifunge, ujaribu tena. Ikipungukiwa oili, tia oili ya jeki za haidroliki. Usitie oili ya breki, maana huharibu mipira ya ndani.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za masika na kabla ya vuli, itoe jeki na uinue gari nayo nyumbani. Mfundishe pia kila anayeliendesha gari hilo, awe mkeo, mumeo, kijana wako au dereva wa ushirika. Jeki aijuayo mtu mmoja tu haina faida siku asipokuwapo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Pikapu tupu ina kilo 1,600. Imebeba magunia 8 ya viazi ya kilo 50, na mikebe 6 ya maziwa ya lita 50. Mkebe mtupu ni kilo 10, na lita moja ya maziwa tuihesabu kilo 1. Utanunua jeki ya tani ngapi?

2. Tairi ikiwa haina upepo, ekseli iko sentimita 18 toka ardhini. Jeki iliyoshushwa ni sentimita 16. Je, itaingia juu ya ubao wa sentimita 4?

3. Kwa nini gia ya kwanza haitoshi kuzuia pikapu iliyoinuliwa gurudumu la nyuma?

Majibu: (1) Viazi kilo 400, maziwa kilo 300, mikebe kilo 60, pamoja na gari ni kilo 2,360. Nusu ni kilo 1,180, basi jeki ya tani 2. (2) Hapana. 16 na 4 ni 20. Tafuta jeki isiyozidi sentimita 14, au pandisha kwanza gurudumu juu ya ubao. (3) Kwa sababu difu huruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka, na gari huteleza likaenda.

Sasa chukua karatasi, andika vipimo vitatu vya gari lako, uende nayo dukani siku ya soko. Baadaye karatasi hiyo iweke garini pamoja na jeki, ili atakayekuja kununua nyingine baada yako asihitaji kukisia.